Je, Krismasi Itanyesha? Maswali ya Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kuanzia katikati ya Novemba swali hili huzunguka Mwanza nzima. Aliyekodi viti na maturubai kwa harusi ya tarehe 27 Desemba analiuliza. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba analiuliza pia, kwa kuwa dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka huishia kuwa chakula cha kuku na bei huporomoka. Wanaokwenda Nansio, Musoma au Bukoba kula sikukuu na wazazi wanaliuliza, mara nyingi tiketi ikiwa imeshakatwa.

Utabiri wa hali ya hewa uko wa aina tatu: wa miezi, wa siku na wa saa. Kila mmoja una swali lake unaloweza kulijibu, na watu wengi huutaka ule wa miezi ujibu jambo ambalo hujulikana kwa saa tu. Nitaeleza aina zote tatu, lakini nitakaa zaidi kwenye ule wa saa, kwa sababu huo ndio unaogusa uhai wa watu ziwani.

Desemba ni mwezi wa mvua. Kuna haja gani ya kutabiri?

Ni kweli, Desemba ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi Mwanza. Mikoa ya ukanda wa ziwa, yaani Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara, hupata misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Misimu hiyo huletwa na ukanda mvua, eneo pana la mawingu ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo hulifuata jua. Oktoba na Novemba hupita juu yetu ukielekea kusini, na kufikia Krismasi nguvu zake nyingi huwa zimeshuka kwenye mikoa ya kati na kusini, ambako mvua za msimu ndiyo kwanza zimeshika.

Kwa hiyo sikukuu zetu huangukia mwishoni mwa vuli, mahali ambapo miaka hutofautiana sana. Mwaka mmoja mvua huendelea hadi Januari, mwaka mwingine hukatika mapema. Ndiyo maana mtu anaweza kukumbuka Krismasi ya matope na jirani yake akakumbuka Krismasi ya vumbi, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Tena ziwa lenyewe halingoji ukanda mvua. Lina uwezo wa kutengeneza mvua yake, na hilo tutalifikia.

Mamlaka imetangaza vuli ya juu ya wastani. Si ina maana Krismasi itanyesha?

Hapana, na hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla msimu haujaanza. Maneno yake yana vipimo. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha kawaida cha miaka mingi, huo ni wastani. Ikizidi 125 ni juu ya wastani, ikipungua 75 ni chini ya wastani. Kinachopimwa ni jumla ya msimu mzima. Wiki mbili za gharika mwezi Novemba zinaweza kuufanya msimu uwe juu ya wastani, kisha wiki ya Krismasi ikawa kavu kabisa, na utabiri ukawa umetimia.

Kinachowapa wataalamu ujasiri wa kusema lolote miezi kabla ni bahari. Maji hubadilika joto polepole kuliko hewa, kwa hiyo hali ya bahari ya Agosti hudokeza hali ya Novemba. Wanatazama bahari mbili. Ya kwanza ni Pasifiki ya tropiki: ikipata joto kuliko kawaida ndiyo El Niño, ambayo mara nyingi hutuongezea mvua za vuli, na ikipoa ni La Niña, ambayo mara nyingi hutupunguzia, kama ilivyotokea katika Afrika Mashariki mwaka 2010 na 2016. Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutajwa zaidi redioni, ni Bahari ya Hindi. Upande wake wa magharibi, yaani wetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu mwingi husukumwa bara na vuli hufurika.

Hilo lilitokea mwaka 1961. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo, maeneo mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa yamejaa maji, na mvua hizo zikakumbukwa kwa jina la mvua za uhuru. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 hadi kufikia kilele mwaka 1964. Likatokea tena mwaka 2019, tofauti ya joto baharini ikiwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Mvua za mwisho wa mwaka huo, pamoja na masika yaliyofuata, zililipandisha ziwa hadi Mei 2020 likafikia rekodi ile ya 1964, na mwaka 2024 likaipita. Wenye nyumba na vibanda karibu na maji, pande zote za ziwa, walihama.

Yapo, basi, mambo makubwa yanayoweza kuonwa mapema. Mkulima wa mpunga wa Magu anaweza kupanga shamba kwa utabiri wa msimu. Mwenye harusi hawezi kupanga turubai kwa utabiri huo.

Nitajua lini kuhusu tarehe 25 yenyewe?

Anza kutazama tarehe 20. Kabla ya hapo unachopewa ni kawaida ya mwezi.

Kikomo hicho si cha Tanzania peke yake. Huko Ulaya na Marekani watu huanza kuuliza mapema mno kama Krismasi itakuwa na theluji, na swali lao ni ndugu wa swali letu. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, yenye kompyuta kubwa kupindukia, husema wazi kwamba inaweza kueleza kwa uhakika kama theluji itaanguka siku ya Krismasi ikiwa zimebaki siku 5. Hata kipimo chao ni cha huruma: kipande kimoja tu cha theluji kikionekana kikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25, Krismasi hiyo huhesabiwa kuwa nyeupe. Theluji iliyotanda ardhini nchini humo kwa upana siku hiyo ilionekana mara nne tu tangu mwaka 1960 hadi 2010: mwaka 1981, 1995, 2009 na 2010. Jamaa zetu walioko Leicester au Birmingham wakikwambia Novemba kwamba mwaka huu theluji ipo, wanakisia kama sisi.

Sababu ni hewa yenyewe. Kosa dogo katika kupima upepo au unyevu wa leo hukua kila siku inayopita, na baada ya wiki moja au mbili huwa limeumeza utabiri wote. Kwetu tropiki jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa mvua nyingi hutoka kwenye wingu mojamoja la ngurumo lenye upana wa kilomita chache. Linaweza kuiosha Ilemela na kuiacha Buhongwa na jua kali.

Ndani ya zile siku 5, sikiliza maneno matatu ya TMA kwa mpangilio wake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Rangi zake ni njano, chungwa na nyekundu. Kinachowaongoza kuchagua neno ni mambo mawili kwa pamoja, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara likitokea. Ndiyo maana angalizo linaweza kutolewa kwa jambo lisilo na hakika sana ikiwa madhara yake ni makubwa. Mvua kubwa, kwa lugha yao, ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 maana yake ni lita 50 za maji kwa kila mita mraba ya bati lako.

Mbona simu yangu inaonyesha wingu lenye radi kila siku?

Programu nyingi za simu huchukua hesabu za dunia nzima zilizogawa uso wa nchi katika miraba ya kilomita kadhaa, na mraba mmoja unaweza kuwa na nusu mji na nusu ziwa. Desemba karibu kila siku kuna wingu la ngurumo mahali fulani ndani ya mraba huo, kwa hiyo alama ya radi haiondoki. Itazame asilimia badala ya picha. Asilimia 60 ina maana kwamba katika siku 10 zinazofanana na hiyo, 6 zilileta mvua na 4 hazikuleta. Haina maana kwamba itanyesha kwa asilimia 60 ya siku, wala kwamba itanyesha kwenye asilimia 60 ya mji. Ukifunga harusi katika siku ya asilimia 60, kodi turubai. Katika siku ya asilimia 20, amua kwa kuangalia mfuko wako.

Mchana kulikuwa shwari. Kwa nini ziwa huchafuka usiku?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, na ni usiku huo ambao ziwa huwa katili.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu ikipanda, ya ziwani huvuma kuja kuijaza nafasi, na ule ubaridi mzuri unaousikia Capri Point alasiri ndio huo. Unyevu unaosafiri na upepo huo hupanda kwenye miinuko, hasa upande wa mashariki, Mara na nyanda za juu za Kenya, na alasiri mawingu ya ngurumo hujengeka huko. Juu ya ziwa lenyewe mbingu huwa wazi.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, lakini maji hubaki na joto la karibu nyuzi 24 hadi 26. Sasa upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi kavu kila upande, pepo hizo huenda kugongana katikati yake. Zinapogongana hazina pa kwenda ila juu, zikiwa zimebeba mvuke wa maji yenye joto. Kuanzia kama saa 7 usiku mawingu huanza kurefuka, na mengine kilele chake hupita kilomita 12. Kisha pepo za mashariki huyasukuma kuelekea magharibi. Alfajiri na asubuhi yanakuwa yamefika visiwa vya Ssese vya Uganda na mwambao wa Kagera. Ndiyo maana Bukoba hupata takribani mara mbili ya mvua ya Mwanza kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha usiku na asubuhi. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha.

Wingu la ngurumo likikomaa humwaga hewa baridi chini kwa nguvu. Hewa hiyo ikigonga maji husambaa kila upande, na ndiyo inayomfikia mvuvi kabla ya tone la kwanza la mvua. Dakika moja maji yametulia, dakika chache baadaye mawimbi yanaingia mtumbwini. Mtumbwi wa mbao wenye taa za dagaa na wavu mzito hauna muda wa kufika mwaloni.

Habari njema ni kwamba dhoruba hizi za usiku hutoa dalili mapema. Watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walitumia picha za setilaiti za miaka mingi na kuonyesha kwamba mawingu makali ya alasiri juu ya nchi kavu inayozunguka ziwa huelekea kufuatwa na dhoruba kali ziwani usiku huohuo. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionya pia kwamba dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali kabisa za ziwani zitaongezeka nguvu. Kwa mvuvi maana yake ni nyepesi kueleza: usiangalie anga ya juu ya ziwa peke yake wakati wa kushusha mtumbwi. Angalia nchi kavu, hasa mashariki. Ukiona jioni mawingu meusi yamesimama kama milima upande wa Mara na radi zinamulika, siku hiyo ni ya kuuliza mara mbili kabla ya kuondoka. Dalili hii haifungi hesabu, zipo dhoruba zinazokuja bila hiyo, lakini hailipiwi, na ipo machoni pa kila mtu.

Nani anafuatilia dhoruba hizi kwa niaba yetu?

TMA ina rada ya hali ya hewa hapa Mwanza. Rada hutuma mawimbi ya redio ambayo hurudishwa na matone ya mvua, hivyo mtaalamu huona wingu liko wapi, lina nguvu kiasi gani na linaelekea wapi, hata usiku wa giza nene. Hiyo ndiyo inayowezesha utabiri wa saa. Kati ya mwaka 2017 na 2021 idara za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza, kutengeneza utabiri mahususi kwa watumiaji wa ziwa hili. Utabiri wa ziwa hutaja upepo, mawimbi na mvua ya ngurumo kwa sehemu tofauti za ziwa. Hutangazwa redioni na kusambazwa kwenye mitandao ya simu.

Tatizo ninaloliona liko hatua ya mwisho. Ujumbe hufika kwenye simu ya kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na wakati mwingine unaishia hapo. Kama mwalo wako hauna mtu anayesoma utabiri kwa sauti kila jioni kabla mitumbwi haijaondoka, au ubao unaoandikwa kwa chaki, huo ndio mradi wa kwanza wa kuanzisha, nao haugharimu hata bei ya ndoo moja ya dagaa.

Meli kubwa nazo huzama kwa sababu ya dhoruba?

Ajali mbili zinazotuuma zaidi hazikusababishwa na dhoruba. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, zote zilikuwa zimebeba kupita uwezo. Ninalisema hili kwa sababu kila Desemba vivuko hujaa. Utabiri mzuri haumsaidii abiria aliyepanda chombo kilichoelemewa. Ukiona kivuko kimezidisha, shuka, hata kama umeshalipa.

Tunasafiri siku ya mkesha. Tuondoke saa ngapi?

Kwa Sengerema, Geita na Bukoba kwa barabara, foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi haipo tena tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025, na hilo limeondoa hofu kubwa ya sikukuu. Kwa visiwani, kwa mashua au boti ndogo, saa salama zaidi kwa kawaida ni kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi mapema alasiri: dhoruba za usiku zimeshasogea magharibi na za nchi kavu bado hazijajengeka. Safari ya alfajiri ndiyo inayopendwa, na ndiyo yenye mashaka zaidi. Ngoja kuche vizuri uone upande wa magharibi pamesafishika.

Mjini Mwanza jihadhari na Mto Mirongo. Milima yetu ya mawe hainywi maji. Mvua ya saa moja kwenye milima hiyo inaweza kuwa gharika Mabatini muda mfupi baadaye, hata kama pale Mabatini penyewe kumenyesha manyunyu. Usivuke kwa miguu wala bodaboda maji yanapokuwa yamefunika daraja.

Na wazee wetu wanaosoma dalili?

Usukuma watemi walibebeshwa dhamana ya mvua, na kijiji kilikuwa na watu wake waliosoma upepo, maua ya miti na mienendo ya wadudu. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wa Bunyore, uliojulikana kwa kutabiri mvua, umekuwa ukikaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa kulinganisha dalili na hesabu kabla ya kuwatangazia wakulima. Mfano huo unafaa kuigwa huku kwetu. Mzee aliyevua miaka 40 kisiwani Goziba anajua tabia ya kona yake ya ziwa kuliko kompyuta yoyote, ila haoni wingu lililo kilomita 100 gizani. Rada huliona.

Theluji inaweza kuanguka Mwanza?

Hapana. Mji uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo hewa ya kugandisha maji iko karibu mita 5,000. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, hufika huko, na wapandaji wa Desemba hukutana na theluji. Vipande vyeupe vinavyogonga bati huku kwetu ni mvua ya mawe, barafu iliyogandia ndani ya wingu la ngurumo na kufika chini kabla haijayeyuka. Haidumu, lakini ikianguka ujue wingu lililo juu yako ni kali. Ingia ndani.

Na kama dhoruba itanikuta tayari niko majini?

Vaeni majaketi okozi wote kabla upepo haujafika; wakati wa mawimbi hakuna anayeweza kuyavaa. Zima taa za dagaa, achia wavu kama unavuta chombo, na elekeza omo kwenye mawimbi, usiyapokee ubavuni. Keti chini katikati ya mtumbwi. Hesabu sekunde kati ya mmuliko wa radi na ngurumo, kisha gawanya kwa 3, upate umbali wa radi kwa kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na umbali huo tayari ni wa hatari, kwa hiyo kama kisiwa kiko karibu kuliko mwalo wa nyumbani, nenda kisiwani ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mtumbwi ukipinduka, ushikilieni. Wengi wanaookolewa hukutwa wameushika, na watafutaji huuona mtumbwi kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.